Mkimbiaji Msafiri: Gidamis Shahanga na Historia ya Kazi ya Riadha katika Wilaya za Mbulu na Hanang, 1968–1990

Katika maandishi ya historia ya michezo ya Tanzania, wilaya za Mbulu na Hanang huingia kwa mlango mmoja. Mlango huo ni jioni ya tarehe 20 Oktoba 1968, katika Jiji la Mexico, ambako John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, aliingia uwanjani akiwa amefungwa bendeji mguuni, giza limekwisha kutanda na watazamaji wengi wamekwisha kuondoka. Wakimbiaji 75 walikuwa wameanza mbio za marathoni siku hiyo. Waliomaliza walikuwa 57, naye alikuwa wa 57. Alitumia saa 3, dakika 25 na sekunde 27, yaani zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Tukio hilo lilinaswa na kamera za filamu, likarudiwa mara nyingi hadi likawa kielelezo cha uvumilivu duniani kote. Mwaka 1983 serikali ilimtunuku Akhwari nishani ya ushujaa, na mwaka 2008 alikuwa miongoni mwa waliohusishwa na mbio za mwenge wa Olimpiki ya Beijing ulipopita Dar es Salaam.

Hakuna sababu ya kuipunguza heshima hiyo. Hata hivyo, mtafiti anayesoma orodha za matokeo badala ya kutazama filamu hukutana na jambo linalomsimamisha. Miaka miwili baada ya Mexico, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edinburgh mwaka 1970, Akhwari huyohuyo alikuwa wa tano katika marathoni kwa muda wa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Muda huo ni bora kuliko ule uliompatia Gidamis Shahanga wa Katesh medali ya dhahabu katika michezo hiyohiyo mwaka 1978. Mkimbiaji hodari wa kiwango cha dunia amekumbukwa kwa siku aliyoumia, na bingwa aliyetoka wilaya jirani hakumbukwi kwa siku aliyoshinda. Makala haya yanashughulikia pengo hilo la pili. Hoja yake ni kwamba Shahanga alipita katika mifumo mitatu ya kazi iliyofuatana na wakati mwingine kupandana: utumishi kwa bendera ya taifa, ufadhili wa chuo kikuu cha Marekani, na soko la mbio za barabarani za Ulaya. Kila mfumo ulikuwa na mtunza kumbukumbu wake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na sababu ya kuandika habari za Hanang.

Ulinganisho na mpira wa miguu unasaidia kuonyesha ugumu wa jambo hili. Atakayeandika maisha ya mshambuliaji Mbwana Samatta atakuta njia imekwisha kupigwa alama: African Lyon, Simba, TP Mazembe ya Lubumbashi, kisha Genk ya Ubelgiji mnamo Januari 2016, Aston Villa ya Uingereza mnamo Januari 2020, Fenerbahçe ya Uturuki, Antwerp, PAOK ya Ugiriki. Kila uhamisho una tarehe, mkataba, namba ya jezi na picha ya mchezaji akiwa ameshika skafu ya klabu mpya. Mwajiri anajulikana, na mabao yanahesabiwa. Mkimbiaji wa miaka ya 1970 na 1980 alisafiri pengine zaidi ya mshambuliaji yeyote wa Tanzania wa wakati wake, lakini hakuwa na klabu ya kumsajili wala dirisha la uhamisho. Alichoacha ni mstari mmoja katika orodha ya matokeo: jina, herufi tatu za nchi, muda. Isitoshe, kanuni za ridhaa zilimtaka yeyote aliyemlipa asiandike kwamba alimlipa. Ukimya wa nyaraka katika suala hili haukutokea kwa bahati mbaya. Sheria za mchezo wenyewe ziliuagiza.

Ugumu wa pili ni wa mipaka. Mkoa wa Manyara ulianzishwa mwaka 2002. Kabla ya hapo eneo lote hili lilikuwa chini ya Arusha, na wilaya ya Mbulu ya enzi ya ukoloni ilikuwa kubwa mno, ikijumuisha sehemu ambazo baadaye zilikuja kuwa Hanang, Babati na Karatu. Kwa sababu hiyo Filbert Bayi, aliyezaliwa Karatu mwaka 1953, ni mtoto wa Mbulu kwa ramani ya wakati wa kuzaliwa kwake, na mtu wa Arusha kwa ramani ya leo. Shahanga, aliyezaliwa Katesh mwaka 1957, huitwa mkimbiaji wa Arusha katika maandishi ya zamani. Msomaji asiyefuatilia mabadiliko ya mipaka anaweza kudhani kwamba vipaji hivyo vilitoka chini ya Mlima Meru, ilhali mlima uliokuwa mbele ya macho ya Shahanga ni Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400. Jina lenyewe lingetosha kumsahihisha, kwani kiambishi Gida- ni cha kawaida katika majina ya wanaume wa Kidatooga, jamii ambayo Wabarabaig wa Hanang ni tawi lake kubwa.

Kizazi cha Shahanga kilikua wakati riadha ya Tanzania ikiwa na jina duniani. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, Bayi alishinda mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 na kuweka rekodi ya dunia, akiongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka uliofuata alivunja rekodi ya dunia ya maili mjini Kingston, Jamaika. Kisha ukaja mwaka 1976, ambapo Tanzania pamoja na mataifa mengine mengi ya Afrika iligoma kushiriki Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya ziara ya timu ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini. Uamuzi huo ulikuwa na uzito wa kisiasa usiohitaji kutetewa upya hapa. Kwa wakimbiaji, hata hivyo, ulikuwa na maana nyingine ya moja kwa moja: mwili wa mwanariadha ulikuwa mali ya sera ya nje ya nchi. Aliyeruhusiwa kukimbia alikimbia kwa niaba ya taifa, na aliyezuiwa alizuiwa kwa niaba ya taifa. Katika mfumo huo malipo yalikuwa heshima, posho ndogo, na kwa wengi ajira katika jeshi, polisi au magereza. Huo ndio mfumo wa kwanza ambamo Shahanga aliingia.

Mnamo Agosti 1978 alipelekwa Edmonton, Kanada, akiwa hajatimiza miaka 21. Miongoni mwa waliopigiwa upatu kushinda marathoni alikuwa Mkanada Jerome Drayton, mshindi wa Boston mwaka 1977 na mshindi mara tatu wa mbio za Fukuoka nchini Japani. Drayton alikuwa kwao, mbele ya watu wake. Shahanga hakuwa na jina. Alimpita Drayton mwishoni mwa mbio na kumaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 39, zaidi ya nusu dakika mbele yake. Mkanada mwingine, Paul Bannon, akawa wa tatu. Katika michezo hiyohiyo Bayi alipata medali ya fedha ya mita 1,500 nyuma ya Mwingereza David Moorcroft. Kwa hiyo dhahabu ya Tanzania mwaka huo haikuletwa na bingwa aliyetarajiwa, bali na kijana wa Katesh katika mbio ambazo wenyeji walikuwa wameziwekea matumaini.

Hapa historia ya michezo inagusana na historia ya ardhi kwa namna ambayo haijapewa uzito unaostahili. Kanada aliyoishinda Shahanga haikuwa ngeni Hanang. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Kanada ilikuwa ikifadhili mradi wa ngano katika nyanda za Basotu, chini ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO. Mradi huo ulianza na shamba la Basotu, ukaendelea hadi kuwa mashamba saba makubwa yaliyomeza takriban ekari 100,000, nayo yalikuwa miongoni mwa malisho bora ya Wabarabaig. Mfugaji wa Kibarabaig hakai na ng'ombe mahali pamoja mwaka mzima. Huhama baina ya aina mbalimbali za malisho kwa kufuata majira, na mabonde yenye rutuba ndiyo yaliyobeba mzunguko mzima. Mabonde hayo ndiyo yaliyolimwa kwa matrekta, na makaburi ya wazee yakalimwa pamoja nayo. Kijiji cha Mulbadaw kilifungua kesi, kikashinda Mahakama Kuu mwaka 1984, kisha hukumu ikatenguliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1985.

Makala haya hayadai kwamba Shahanga alikimbia Edmonton akiwa na ngano mawazoni. Dai la namna hiyo lingekuwa hadithi tu. Linalodaiwa ni dogo zaidi na lina uthibitisho: katika mwongo uleule, uhusiano wa Hanang na Kanada ulikuwa na pande mbili, na kila upande ulihusu mwendo. Mwendo wa mfugaji na mifugo yake uliwekewa mipaka ya mashamba, ilhali mwendo wa mkimbiaji ulikatiwa tiketi ya ndege na kupigiwa wimbo wa taifa. Wanahistoria wa ardhi wameuandika upande wa kwanza kwa kina. Wanahistoria wa michezo, pale wanapomtaja Shahanga kabisa, huandika upande wa pili kana kwamba Katesh ni jina la mahali tu, lisilo na jambo lolote lililokuwa likitokea.

Miezi miwili baada ya Edmonton majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Vita iliyofuata iliisha mwaka 1979, lakini iliiacha nchi bila fedha za kigeni, na miaka ya mwanzo ya 1980 Watanzania waliikumbuka kwa foleni za sabuni, sukari na unga. Timu ya taifa ya riadha haikuwa nje ya hali hiyo. Tanzania ilikwenda Moscow mwaka 1980, ambako Bayi na Suleiman Nyambui walipata medali za fedha, Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji na Nyambui katika mita 5,000. Shahanga alikuwa wa 15 katika marathoni. Kwa mkimbiaji wa miaka 22 matokeo hayo si aibu hata kidogo, lakini swali la jinsi ya kuishi kwa riadha baada ya Moscow lilibaki palepale.

Jibu lilitoka El Paso. Chuo Kikuu cha Texas katika mji huo wa mpakani mwa Mexico, chini ya kocha Ted Banks, kilikuwa kikisajili wakimbiaji kutoka Afrika na kuwapa ufadhili wa masomo, na tangu mwaka 1975 kilikuwa kimetwaa ubingwa wa mbio za nyika wa vyuo vya Marekani karibu kila mwaka. Nyambui alitangulia. Shahanga na Zakaria Barie walifuata, na mwaka 1983 Barie alikuwa bingwa binafsi wa mbio hizo za nyika. Ufadhili ulikuwa mkataba wa kazi kwa jina lingine: mkimbiaji alipewa karo, malazi na chakula, naye alitoa alama za ushindi, kila msimu, iwe katika nyika, ndani ya ukumbi au uwanjani. Wakosoaji wa Marekani walilalamika kwamba wageni hao walikuwa wakubwa wa umri na uzoefu kuliko wanafunzi wa kawaida. Malalamiko hayo yanafichua zaidi ya yalivyokusudia, kwani yanakiri kwamba chuo hakikuwa kikilea vipaji bali kikiajiri watu waliokwisha kukomaa kazini.

Mafunzo ya El Paso yanaonekana wazi katika matokeo. Shahanga aliyekuwa mkimbiaji wa marathoni mwaka 1978 alirudi katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Brisbane, mwaka 1982, akiwa na kasi ya uwanjani. Alishinda mita 10,000 kwa dakika 28 na sekunde 10.15, Barie akiwa nyuma yake kwa nusu sekunde isiyotimia. Tanzania ikachukua dhahabu na fedha. Siku chache baadaye Shahanga alijitosa tena katika marathoni. Yeye na Juma Ikangaa walijitenga mapema na kuongoza kwa umbali mkubwa, hata ikaonekana kwamba Tanzania ingetwaa nafasi mbili za juu kwa mara nyingine. Mwaustralia Robert de Castella alianza kuwafuata taratibu, akampita Shahanga, kisha akapambana na Ikangaa hadi kumshinda kwa sekunde 12. Shahanga alishuka hadi nafasi ya sita. Mbio hizo husimuliwa kama hadithi ya de Castella na Ikangaa, na ni sawa, kwa kuwa wao ndio waliomaliza mbele. Lakini aliyezisoma kwa makini ataona kwamba kasi ya mwanzo iliyozifanya kuwa kuu ilijengwa na watu wawili, na mmoja wao alikuwa amebeba katika miguu yake uchovu wa mita 10,000 za ubingwa. Uamuzi wa kukimbia zote mbili unaeleweka tu katika mfumo wa kwanza: mkimbiaji wa soko angechagua moja.

Mwaka uliofuata, Helsinki, katika mashindano ya kwanza ya dunia ya riadha, fainali ya mita 10,000 iliamuliwa katika mita za mwisho. Mwitalia Alberto Cova alishinda kwa dakika 28 na sekunde 1.04. Shahanga alikuwa wa tano kwa dakika 28 na sekunde 1.93. Tofauti baina ya bingwa wa dunia na nafasi isiyo na medali ilikuwa pungufu ya sekunde moja.

Wakati huo huo kanuni zilikuwa zikibadilika. Mwaka 1981, katika mbio za barabarani za Portland, Oregon, zawadi za fedha zilitolewa hadharani kwa makusudi ya kuvunja marufuku, na mwaka 1982 Shirikisho la Kimataifa la Riadha likaruhusu mapato ya wanariadha kuwekwa katika mifuko ya amana. Neno ridhaa lilibaki katika vitabu, likiwa limetobolewa. Marathoni za miji ya Ulaya, ambazo zilikuwa zikizaliwa kwa wingi, zilihitaji majina. Wakimbiaji wa Afrika Mashariki walihitaji kazi isiyosubiri miaka minne. Mnamo Aprili 1984 Shahanga alishinda Rotterdam kwa saa 2, dakika 11 na sekunde 12, kwenye njia ambayo mwaka mmoja kabla ilikuwa imeshindwa na de Castella na mwaka mmoja baadaye ingeshuhudia Carlos Lopes wa Ureno akiweka rekodi ya dunia. Miezi minne baada ya Rotterdam alikuwa wa 22 katika Olimpiki ya Los Angeles.

Kumbukumbu rasmi ya taifa, ambayo hupima mwanariadha kwa Olimpiki, husoma mwaka huo kama mwaka wa kushindwa. Usomaji huo ni mfinyu. Mwili mmoja haukimbii marathoni mbili kwa kiwango cha juu katika muda wa miezi minne bila gharama, hasa ya pili ikiwa katika joto la Agosti huko California. Shahanga alikuwa sasa na waajiri wawili wasiofahamiana, kila mmoja akiwa na kalenda yake. Mshambuliaji wa mpira katika hali hiyo angekuwa na klabu ya kuandika barua kwa shirikisho kuomba apumzishwe. Mkimbiaji hakuwa na mtu wa kumwandikia barua.

Mfumo wa tatu ulimbeba hadi mwisho wa mwongo, na haukumbeba peke yake. Nyambui alishinda marathoni ya Berlin mwaka 1987 na 1988. Mwaka 1989 mshindi wa Berlin alikuwa Alfredo Shahanga, mdogo wake Gidamis, kwa saa 2, dakika 10 na sekunde 11. Ilikuwa Oktoba mosi, na njia bado ilizunguka upande wa magharibi tu wa mji. Ukuta ulifunguliwa wiki tano na ushee baadaye. Alfredo alikuwa pia ameshinda Vienna mwaka huohuo, na mwaka 1990 aliyeshinda Vienna alikuwa Gidamis. Kaka akapokea taji la barabara lililoachwa na mdogo wake, miaka 12 baada ya Edmonton. Jambo hili linastahili kutazamwa kama wanahistoria wa uhamaji wanavyotazama ndugu wanaofuatana mgodini au shambani: anayetangulia huijua njia, waandaaji, hoteli, bei, anayefuata huikuta imefagiliwa.

Ufafanuzi unaopendwa zaidi kuhusu wakimbiaji wa eneo hili ni ule wa asili: mwinuko wa nyanda za juu, hewa nyepesi, watoto wanaochunga ng'ombe na kwenda shule mbali kwa miguu. Mwinuko upo, wala hakuna anayeukana. Lakini mwinuko ulikuwapo mwaka 1950 bila marathoni, na uliendelea kuwapo katika miaka ambayo Tanzania haikupata medali yoyote. Kilichobadilika katika muda wa Shahanga ni milango: timu ya taifa iliyoweza kumpeleka Kanada, kocha wa Texas aliyehitaji alama, waandaaji wa Rotterdam na Vienna waliohitaji mshindi. Ufafanuzi wa asili unapendwa kwa sababu humwondolea kila mmoja wao jukumu. Kijana anayeaminiwa kuwa amezaliwa mkimbiaji hahitaji kuulizwa alilipwa nini, nani alimfundisha, au nani alimshauri apumzike.

Tarehe 1 Oktoba 2005 mashindano ya dunia ya nusu marathoni yalifanyika Edmonton. Mshindi alikuwa Fabiano Joseph, mzaliwa wa Babati mwaka 1985, mwaka uleule ambao Babati ilitengwa na Hanang kuwa wilaya inayojitegemea. Alimaliza kwa saa 1, dakika 1 na sekunde 8, sekunde moja mbele ya Mubarak Hassan Shami wa Qatar, katika mji uleule ambao Shahanga alimpita Drayton. Safari hii fedha za zawadi zilikuwa sehemu ya kanuni, na mkimbiaji alitambuliwa hadharani kuwa mtu wa kulipwa. Katika orodha ya matokeo aliandikwa jina, herufi tatu za nchi, muda.